Kipa Aliyepewa Kalkuleta

Benchi liko mlangoni kwa mpiga chapa, mguu mmoja umefungwa waya, na watatu wanaolikalia kila asubuhi hawajawahi kukubaliana hata juu ya saa. Kuna Wino, mwenye mashine. Kuna Profesa, dalali wa nyumba, ambaye shule aliiacha darasa la sita. Na kuna Sindano, fundi wa kushona viti vya magari, ambaye babu yake alitoka Asia na yeye akazaliwa mtaa wa nyuma hapo hapo. Siku hiyo muuza kahawa alimmiminia Sindano kikombe kikapoa hakijaguswa. Mkononi Sindano alikuwa na kipeperushi cha shule cha kuchangisha fedha za uwanja wa mpira, nakala ya majaribio, bado inanukia wino.

— Huyu si binti yangu?

— Ndiye, alisema Wino. Katoka vizuri.

— Katoka na kalkuleta!

— Ndiyo nasema, vizuri.

— Wino, binti yangu ni golikipa. Hesabu alipata kumi na nane kwa mia! Na glavu alizovaa huyu wa pembeni nimezishona mimi, mabaki ya ngozi ya kiti cha basi. Mshono wa buluu huo, unauona? Wamemvua, wakamvisha mwenzake, wakamwambia: wewe wa Kihindi shika hii, itapendeza zaidi.

Profesa alivuta kahawa kwa kelele.

— Usikasirike, ndugu yangu. Wanawasifu. Nyinyi hesabu iko damuni. Kuna mshipa unapita nyuma ya sikio.

— Mshipa gani?

— Wa hesabu. Mtoto wenu akizaliwa halii ovyo, analia kwa makumi.

— Na Wachina? aliuliza muuza kahawa.

— Hao wana miwili. Mmoja wa hesabu, mmoja wa karate. Ndiyo maana Mchina akikupiga, anakupiga idadi kamili.

— Jana nimekata kitambaa cha kiti, alisema Sindano, nimekosea vipimo mara mbili.

— Unajificha. Mwenye mshipa hajitangazi.

— Sasa nikipatia ni mshipa, nikikosea najificha! Nitoke wapi?

Wino alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

— Sikia, Sindano. Mteja wangu ni shule. Wanataka nakala mia tano saa sita mchana. Nimeshaweka karatasi, na mashine nimeshaiwasha.

— Jana usiku binti kaniambia, "Baba, labda glavu zinamfaa yule. Mechi ya Jumamosi, mwambie mwalimu ampange yeye." Unanielewa? Haumizwi na picha. Ameanza kuiamini.

Hapo hata Profesa alitua kikombe. Lakini mtu wa nadharia hashindwi haraka.

— Picha ni kwa ajili ya wafadhili, bwana. Mfadhili akimwona Mhindi na kalkuleta, anajua fedha zake ziko salama. Akimwona golini, atajiuliza duka kamwachia nani.

— Duka lipi? Mimi nina cherehani moja!

Mwanamume mwenye filimbi shingoni alikuwa amesimama mlangoni na karatasi yake. Alikuwa kocha wa shule ya ng'ambo ya barabara kuu, amekuja kutoa nakala za orodha ya wachezaji wake wa Jumamosi. Akainama juu ya bega la Sindano.

— Haa! Binti huyu! Mwaka jana alitudakia penalti tatu, wachezaji wangu walilia mpaka nyumbani. Wiki nzima nawafundisha namna ya kumfunga yeye tu.

Kisha kidole chake kikahamia kwa mtoto wa pembeni.

— Na huyu mwenye glavu, anadaka?

Wino akamtazama Profesa. Profesa akatazama ndani ya kikombe. Muuza kahawa akaanza kusuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa.

— Nauliza ili nijiandae, alisema kocha.

Wino aliinuka, akaingia ndani, na mngurumo wa mashine ukakatika. Walimsikia akipiga simu.

— Mwalimu Mkuu, shikamoo. Hapana, hiyo saa sita haitawezekana. Mashine nzima, haina tatizo. Nimeizima mimi. Mlete mpiga picha wenu, na yule binti aje na glavu zake.