Mama Yetu Puleng na Ukuta wa Makaburi ya Ha Lepheane

Mchungaji, wazee wetu, majirani na nyote mliopanda hadi hapa chini ya jabali, mimi ni Lineo, binti wa pili wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia.

Mama yetu Puleng alizaliwa tarehe 9 Juni 1941 hapahapa Ha Lepheane, theluji ikiwa imefunga njia, mtoto pekee wa Khoarai, mzee wa kanisa, na Mpolokeng, mganga wa mitishamba ambaye hakubatizwa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1949 hadi 1956, na mwaka uliofuata akafiwa na mama, ambaye alizikwa nje ya ukuta huu wa mawe, kwenye mishubiri walikolisha kondoo, kwa kuwa ndani palikuwa pa waliobatizwa, na baba yake alipofariki mwaka 1959 akalazwa ndani.

Alifundisha watoto wa darasa la kwanza kuanzia 1960 hadi 2001, na tarehe 12 Desemba 1964 alifunga ndoa na baba yetu Moeketsi, mchimba madini, wakajaliwa Lerato, mimi na Teboho.

Baba alifariki tarehe 14 Machi 1988, akazikwa ndani, na wazee walipomwonyesha mama nafasi yake pembeni ya mumewe, alikataa.

“Mimi nilale ndani, mama yangu abaki nje kama mbuzi wa jirani?”

“Puleng, ukuta huu ulijengwa na hawa waliolala,” akasema Mzee Sekoati, mwenyekiti wa baraza. “Tutawaulizaje?”

“Wao waache walale, mzee. Nakuuliza wewe uliye macho.”

Mwaka mzima walibishana, wengine wakaacha kumsalimia, hadi mama alipowaambia, “Basi msiubomoe, tuusogeze,” na Aprili 1989 wanawake wakaanza kuhamisha mawe ya upande wa chini, na mwanamume wa kwanza kubeba jiwe alikuwa Mzee Sekoati mwenyewe, akifoka, “Msinicheke, nabeba kabla mgongo haujabadili mawazo!”

Septemba 1991, mipichi ikiwa imechanua, ukuta ulifungwa, na makaburi yote ya nje yakawa ndani, na mama akakaa kando ya kaburi la mama yake akavua viatu, akacheka hadi akalia.

Kisukari kilimwanza mwaka 2015, moyo ukachoka mwaka jana, na tarehe 3 mwezi huu wa Septemba 2024, baada ya kula ugali na mboga zake akasifu chumvi, alifariki nyumbani kwa Lerato.

Leo tunamlaza ubavuni mwa mama yake, na baba aliambiwa mapema na mama mwenyewe, kaburini kwake, naye alikuwa mtu wa kuelewa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani mliopika na kuchimba, na akina mama wote mliobeba mawe, mlio hai na mliotangulia.

Lala, mama, umefika kwenu.