Garrick Hakupaswa Kufa

Ndani ya basi la Pittsburgh, Corinne alimwona mama wa kiti cha jirani akisoma riwaya ambayo Corinne aliiandika na kuichapisha mwenyewe. Akajitambulisha, akingojea sifa.

"Kumbe ni wewe," mama alifoka. "Garrick umemuulia nini?"

"Mama, yule ni mtu anayegeuka mbwamwitu, kapigwa risasi ya madini ya fedha, ndiyo pekee inayowaua. Ulitaka afanyeje?"

"Apone. Hadithi za mapenzi huisha wawili wakiwa pamoja, na nyinyi waandishi mnalijua hilo."

"Nimechoka kupangiwa na wasomaji. Kitabu ni changu."

Abiria wa mbele akachomoa spika zake masikioni asikie vizuri.

Basi likasimama makaburini. Mama akachukua shada lake la maua, akainuka.

"Mume wangu nimemzika mwezi wa tatu. Nilikuja kwenye hadithi zenu kwa sababu humo wapendwa hawafi."