Barua ya Si Mgeni

Basi lilipoondoka Misigiri, mwanamume wa kiti cha mbele yangu alimpa mama aliyekaa naye barua ya mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa anakwenda Singida mjini kuomba TIN, ile namba ya mlipa kodi, kwa ajili ya mashine yake ya kusaga. Mama aliisoma kwa sauti, nasi majirani tukanufaika: "Melkiori alitoka Burundi, lakini si mgeni kwetu."

"Mwanangu, barua hii itakuponza," mama alisema. "Mgeni wanamtaka pasi na kibali. Asiye mgeni wanamtaka karatasi ya uraia. Wewe una ipi?"

"Nina hii, mama. Mwenyekiti kaandika ukweli. Nimezika watu pale, nimeozesha na binti."

"Kule hawaulizi umezika wangapi."

Melkiori aliikunja barua taratibu, akaulinda mhuri usiangukie kwenye kunjo. "Si mnasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?"

"Ndivyo tunavyosema."

"Jembe nilipewa mwaka sabini na tatu. Sasa leo ni siku ya ngapi?"

Basi likasimama stendi. Mama akainama kutafuta kikapu chake, ambacho muda wote alikuwa amekipakata.