Jina Nililolikata Siku ya Mwisho ya Usajili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu yetu. Mwenyekiti mstaafu, ambaye nilikufuata nyumbani kukuomba uje na umekuja. Wajumbe wa kamati ya utendaji. Kocha mkuu na benchi lako la ufundi. Wachezaji mliotupandisha tena ligi kuu. Ndugu wanachama, mashabiki na wageni waalikwa. Na wewe mama watoto, uliyeketi mstari wa mbele ukiangalia saa ili nisije nikajisahau hapa: nawasalimu nyote kwa heshima.

Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa katibu wa klabu hii, na kazi ya katibu ni kuandika wenzake wanapozungumza. Leo mnaniaga, mmenipa zawadi, na mshereheshaji amewaambia kwamba mimi ni mtu ambaye hajawahi kukosea jina la mchezaji hata mmoja. Mmepiga makofi. Nawashukuru kwa makofi hayo, lakini naomba kuyarudisha, kwa sababu ndugu zangu, si kweli.

Wiki tatu zilizopita tulipanda daraja. Tangu siku hiyo sijapita mtaani bila kuulizwa, "Katibu, mnamleta nani?" Kinyozi wangu aliniacha na nusu ya kichwa kimenyolewa, akaweka mashine chini ili anihesabie kwa vidole washambuliaji sita tunaopaswa kuwanunua. Simlaumu. Timu iliyopanda jana hulala na hofu ya kushuka kesho, na hofu hiyo ikishaingia ofisini, yenyewe ndiyo inayosajili. Mimi nimeiona ikisajili. Nilikuwa nimeishikia kalamu.

Wengi wenu mnaukumbuka msimu ule, miaka mitano iliyopita, tulipopanda kwa mara ya kwanza. Tuliona wenzetu waliotutangulia wakirudi chini mmoja mmoja, tukasema sisi hatutarudi. Tukanunua. Tulinunua beki kwa sababu alikuwa mrefu, tukanunua kiungo kwa sababu klabu jirani ilikuwa inamtaka, tukanunua na winga ambaye kocha alimwona kwa mara ya kwanza siku ya kupiga picha. Kufikia siku ya mwisho ya usajili tulikuwa na wapya kumi na wanne, na orodha yetu ilikuwa imejaa: wachezaji thelathini, kama kanuni inavyoruhusu, hakuna nafasi hata ya sindano.

Alasiri ile akaja wakala na mshambuliaji wa kumi na tano. Mwenyekiti wetu wa wakati ule alikuwa safarini, akanipigia simu. Akasema, "Katibu, huyo msimwache. Toa mmoja." Nikamuuliza, "Nitoe nani, Mwenyekiti?" Akajibu, "Wewe ndiye unayewajua." Simu ikakatika. Ofisi yangu, mnaijua, iko chini ya jukwaa, ina feni inayozunguka ikijisikia, na dirisha linalotazama korido. Wakala alikuwa ameketi mbele yangu akitikisa mguu. Zilibaki dakika arobaini.

Niliipitia orodha ile kutoka juu hadi chini. Nataka niwaambie nilikuwa natafuta nini, maana nimekaa na jambo hili miaka mitano na mke wangu ni shahidi wa jinsi lilivyonila. Sikumtafuta mchezaji dhaifu. Sikumtafuta majeruhi. Wale wapya walikuwa na mawakala, wana mikataba, wana wajomba wanaopiga simu redioni. Nilitafuta jina ambalo mwenyewe hatapiga kelele.

Nikamkata Kufuli.

Wageni wetu, ngoja niwajulishe. Kufuli ni yule bwana mpana wa shati la bluu, pale karibu na mlango, kocha wetu wa makipa. Wakati ule alikuwa kipa wetu na nahodha wetu. Miaka kumi na moja langoni. Penalti iliyotupandisha daraja aliiokoa yeye, kwa goti, na goti lile hadi leo likiona mvua linalalamika. Kwa kazi yake ya mchana ni fundi wa kuchomelea. Mageti ya uwanja wetu ameyatengeneza yeye, na hakututoza isipokuwa vyuma. Na saa ile nilipokuwa nalichora jina lake mstari, alikuwa ndani ya jengo hilohilo, ghorofa ya juu, anatuchomelea mlango wa ukumbi wa mikutano. Nilikuwa nasikia mashine yake.

Kesho yake orodha ikabandikwa kwenye ubao wa korido. Akaja ofisini, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Katibu, jina langu sijaliona."

Nikamwambia, "Kaka, ni uamuzi wa kamati. Kamati ilikaa jana."

Akasema, "Haya. Komeo la geti la kusini limelegea, nitakuja Jumamosi nilikaze." Akaondoka. Jumamosi akaja, akalikaza.

Mwisho wa msimu ule mnaujua. Mechi ya mwisho, nyumbani, tulihitaji sare tu. Kipa wetu wa pili alikuwa amevunjika kidole mazoezini siku mbili kabla. Dakika ya sabini kipa wa kwanza akagongana na beki wake, akatolewa kwa machela. Tukatazama benchi. Washambuliaji wanne, mawinga watatu, kipa hakuna. Tukamvalisha glavu mshambuliaji yule wa kumi na tano, kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wote. Kijana wa watu alijitahidi, naomba asisemwe vibaya. Yeye alinunuliwa kufunga mabao, hakuna aliyemwambia atakuja kuyazuia. Tulifungwa mawili. Tukashuka.

Na Kufuli alikuwa wapi? Alikuwa jukwaani, mstari wa saba. Alikata tiketi kama mtu mwingine yeyote, akaingia kupitia geti alilolitengeneza kwa mikono yake.

Baada ya pale mlitafuta wa kumlaumu, na mkampata. Mwenyekiti mstaafu, walikuita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Walisema ulimfukuza Kufuli kwa chuki. Ulijiuzulu ukiwa umeinamisha kichwa, na hukusema hata siku moja kwamba jina hukulitaja wewe. Mimi nilikuwepo kwenye kikao kile. Niliandika muhtasari wa kujiuzulu kwako kwa mwandiko mzuri kabisa, na nikanyamaza. Kaka yangu, nimekukosea. Ulikosea kununua, na hilo tulikosea sote, lakini dhambi ya jina lile ulinibebea.

Juzi Jumatatu nilikwenda karakana kwa Kufuli. Nilisema siwezi kuagwa na uongo mfukoni. Nikamkuta amepiga magoti anachomelea kitanda cha chuma. Nikamwambia yote. Akavua miwani, akafuta jasho, akaniambia, "Katibu, nilijua."

"Ulijuaje?"

"Ulisema kamati ilikaa. Ingekaa wapi? Mlango wa ukumbi nilikuwa nimeung'oa mimi, umelala sakafuni, na mimi nipo juu yake kutwa nzima. Hakupita hata mjumbe mmoja."

Jamani! Miaka mitano nimeubeba uongo ule nikidhani nimeuficha, kumbe nilimdanganya mtu pekee ambaye asingeweza kudanganyika. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nikaanza kumwomba msamaha palepale. Akaninyooshea kiganja, vile alivyokuwa akiwasimamisha mabeki wake. Akasema, "Hapa hapana. Jina langu lilibandikwa ubaoni kwa kukosekana, watu wote wakaona. Kalirudishe mbele ya watu."

Mheshimiwa Mwenyekiti, kesho dirisha la usajili linafunguliwa. Nunueni. Simwambii mtu aliyepanda daraja asinunue; ligi kuu ni ngumu na miguu mipya inahitajika. Lakini mkifika mahali pa kumtoa mtu, na mtafika, ulizeni anayetolewa aliwafanyia nini na nani atasimama mahali pake siku ya shida. Na wewe binti yangu unayechukua kiti changu, ile feni utaizoea. Siku simu itakapokatika ukabaki na kalamu na dakika arobaini, usitafute asiyepiga kelele. Panda ngazi kamtafute mwenyewe, umwambie usoni.

Sasa Kufuli, nakuomba usimame. Ndugu wanachama, huyu ndiye kipa na nahodha wa klabu hii. Hakuachwa na kamati. Hakuachwa na Mwenyekiti. Niliyemwacha ni mimi, nikiwa peke yangu ofisini, kwa sababu nilijua ni mstaarabu. Kaka, nisamehe.

Hapana, msipige makofi bado. Mwacheni ajibu.

Anakuja huku. Mama watoto, naona umeacha kuangalia saa. Waheshimiwa na ndugu zangu wote, mmenivumilia na mmenisikia hadi mwisho, nami nawashukuruni sana. Kipaza sauti hiki sasa ni cha Kufuli.