Aliyeuliza Kama Tanuri Linawaka

"Nafasi za uzamivu siku hizi ziko mtandaoni, mwanafunzi anazitafuta mwenyewe." Hivyo ndivyo mkuu wa utawala alivyotuambia alipotangaza kwamba kiti cha mratibu wetu wa masomo ya juu hakitajazwa. Si kweli. Yaliyoko mtandaoni ni matangazo. Nafasi ni kitu kingine, na aliyejua tofauti yake anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia Idara ya Sayansi ya Vifaa kwa miaka ishirini na tisa.

Wanafunzi walimwita Shangazi, na ushangazi aliufanyia kazi: alikukaripia kwanza, akakumiminia chai, ndipo akakusikiliza. Aliajiriwa kama mpiga chapa, akaishia kuwatafutia vijana wetu maabara za kusomea uzamivu, iwe wa metali, kauri, betri au hata saruji.

Swali lake lilikuwa moja. Akishamsalimu profesa wa ng'ambo na kuwaulizia watoto, alitupia: "Na tanuri lenu linawaka?" Profesa akibabaika, Shangazi alifunika simu kwa kiganja na kumgeukia mwanafunzi aliyesimama mbele yake: "Hapa huendi, mwanangu. Huyu anatafuta mtu wa kukaa naye tu."

Swali hilo lilitokana na jambo lililomuuma. Kijana mmoja, hodari wa kauri, alijipatia nafasi mtandaoni. Tangazo lilikuwa zuri, picha za maabara zinang'aa, na Shangazi mwenyewe alilisoma akalisifu. Kijana alipofika alikuta tanuri limekufa zamani, na kipuri kiko njiani. Kilibaki njiani hadi ufadhili wake ukaisha. Alirudi bila shahada, na leo anauza vigae dukani. "Ningepiga simu tu," Shangazi hakuacha kusema. Tangu hapo hakumruhusu yeyote afunge mizigo kabla hajapiga.

Sasa anaondoka, na kiti chake kimefutwa. Ubaya ni kwamba anamwacha mtu mlangoni: binti wa mchomelea vyuma, anayechunguza nyufa za mabomba yaliyochomelewa. Maabara mbili zimemkubali. Zote ziko likizoni hadi Jumatatu, siku ambayo Shangazi hatakuwepo, na jibu linatakiwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Binti alipomuuliza mkuu wa utawala afanyeje, aliambiwa, "Angalia tovuti zao." Akiwapigia mwenyewe, mwanafunzi anayeomba nafasi, ataambiwa kila kitu kiko sawa, kama tangazo lilivyomwambia yule wa kauri.

Shangazi, ahsante. Pumzika salama, na simu ya nyumbani ikilia iwe ni wajukuu tu wanaotaka kukusalimu.

Nanyi walimu wa idara, mnaosoma haya huku mkiisubiri keki ya kumuaga: ofisi yake haijafungwa na simu yake haijakatwa. Jumatatu asubuhi mmoja wenu aingie, amkalishe yule binti kitini, apige kwenye maabara zote mbili, na aulize kama tanuri linawaka.