Bwana Asifiwe Kwenye Intaneti

Kijiwe chetu cha mtaa wa Mowlem ni benchi moja, ukuta wa ploti ya vyumba vya kupanga na birika la Bulle, muuza kahawa chungu. Jioni hiyo Matheka, karani wa ofisi moja huko mjini, alikaa pale roho mkononi, kahawa hajaionja. Mchana, bosi alipotoka, alikuwa ameingia intaneti na kukuta ukurasa wa watu wanaokosoa dini na maombi ya uponyaji. Akawaandikia, kama alivyotusimulia: Bintiye Mwelu ana homa kali, pasta amekataza dawa, kasema aombewe tu. Je, kuna aliyepona hivyo?

Shida ni kwamba Matheka ameokoka, na aliyeokoka hafungui mdomo mbele za watu kabla hajajitambulisha.

— Uliweka jina? aliuliza Mutie, dereva wa lori aitwaye Breki.

— Niliandika, Bwana asifiwe, naitwa Joel Matheka, nimeokoka, nashiriki kanisa la hapa Mowlem.

— Majina mawili na kanisa? Manze, umejichoma.

Kweyu wa kiwandani, wanayemwita Antena kwa kuwa hakuna habari inayompita, alisema serikali ina mtambo unaosoma kila neno kabla halijavuka bahari. Breki akaongeza kwamba kurasa kama hizo hufungwa, na aliyezifungua hufuatwa na makachero. Antena hakukubali kushindwa: mtambo unajua hata kidole kilichobonyeza. Matheka akaingiza mkono mfukoni. Alijua ni porojo, lakini aliogopa vilevile.

— Wanaweza kuufunga ukurasa kabla pasta hajauona?

— Wakiufunga, wamekuona wao, alisema Antena. Wakiuacha, atakuona pasta. Uko kwa noma pande zote.

Gari likapunguza mwendo, benchi zima likanyamaza. Lilikuwa la mkate.

Kageha, muuza mitumba aliyesimama pale kwa mara ya kwanza kupata kahawa, alikuwa amesikiliza yote. Intaneti hakuijua, na mambo ya mtambo yalimpita kando.

— Na mtoto anaendeleaje saa hii? akauliza.

Tangu Matheka aketi, Breki na Antena walikuwa wameongea juu ya serikali, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuulizia Mwelu.

— Sijafika nyumbani, alisema Matheka.

Bulle akampokea kikombe mkononi, ili aende nyumbani.