Pezi la Tatu la Brashi

Benchi la lango la kaskazini, pale kiwanda cha ndege cha Downey, California, lilikuwa na mguu mmoja wa tofali, na hapo ndipo safari za mwezini zilipopangwa kila siku saa nne asubuhi, na watu ambao wenyewe hawajafika hata New York. Mwaka ule wa 1962 kila mtu Downey alikuwa mtaalamu wa anga. Lakini asubuhi hiyo Delmar Hruska, mchoraji aliyebatizwa Brashi, hakugusa donati yake. Ijumaa alikuwa ameimwagia kahawa picha ya ndege mpya, ile itakayoruka mpaka nje ya dunia na kurudi. Doa liliingia mgongoni mwa ndege, halifutiki, naye akachora pezi juu yake. Mainjinia walipanga mapezi mawili. Picha ikaondoka na matatu, na leo walikuwa wanauliza nani aliyeichora.

— Kibarua kimeota nyasi, Brashi, alisema Tafoya wa idara ya rangi, aliyeitwa Rada kwa kuwa hakuna umbea uliompita.

— Usimtishe mwenzio, alisema Lindqvist, fundi wa ribiti, ambaye wenzake walimwita Jaji. Wewe sema humo ndani ya pezi mna mafuta.

— Mafuta mgongoni?

— Basi hewa. Kule juu watavuta nini, moshi?

— Bora aseme ni mtego, Rada akadakia. Warusi wakiiba picha, watachonga mapezi matatu, waanguke wenyewe.

— Hapo umenena.

Delmar alipata nafuu kidogo. Haikudumu.

— Na wakichonga isianguke je? Jaji akauliza.

— Loo. Hapo atakuwa amewapa Warusi mwezi.

— Basi huko si kufukuzwa kazi tena. Huko ni kitanzi.

— Jamani, nilimwaga kahawa tu, alisema Delmar.

— Majasusi wote ndivyo wanavyosema.

Walikuwa wanatania, alijua. Lakini Lorena mkewe asubuhi hiyo alikuwa anatundika mapazia ya nyumba mpya, ambayo walikuwa bado wanailipia.

Mara langoni akatokea Bi Kessel, injinia wa chumba cha upepo, kule modeli za ndege zinakojaribiwa, mwanamke asiyecheka ovyo, na picha ameikunja kwapani. Rada alijisogeza mwisho wa benchi, mbali na mshitakiwa.

— Hruska ni yupi hapa?

Rada alishamnyooshea kidole.

— Miezi mitatu modeli yetu inatetemeka kwenye upepo kama ina homa, alisema Bi Kessel. Leo alfajiri tukaibandikia hilo pezi lako, kwa hasira tu. Imetulia tuli.

Delmar alishusha pumzi mpaka machozi yakamlenga, na hakuona aibu.

— Hakuna anayekufukuza, maana naona umepauka, aliendelea Bi Kessel, akikunjua picha juu ya benchi na kutoa kalamu. Naandika ripoti. Ulijuaje kwamba pezi linatakiwa likae hapo hasa?

Rada alijisogeza tena katikati ya benchi, asikie vizuri. Delmar aliuma donati, apate cha kujaza mdomo, huku mkono wa kushoto ukisogeza kikombe cha kahawa, taratibu, mbali na picha.